Mikono ya Mabinti: Nyumba ya Bibi Martha Ballard katika Januari ya 1796

Tarehe 1 Januari 1785, Martha Ballard, mkunga wa mji wa Hallowell ukingoni mwa mto Kennebec, alianza kuandika shajara ambayo hakuiweka chini hadi Mei 1812, wiki chache tu kabla ya kufariki dunia. Mji huo umo katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maine nchini Marekani. Wakati huo eneo lote lilikuwa bado sehemu ya Massachusetts. Kwa muda wa miaka 27, takribani siku elfu kumi, Martha aliandika mistari michache kila siku: hali ya hewa, nani aliyefika nyumbani, nani aliyelala hapo, uzi gani uliosokotwa, nani aliyeugua na nani aliyejifungua. Watoto aliowapokea katika kipindi hicho ni 816.

Shajara hiyo haikupewa uzito na wanahistoria wa mwanzo. James W. North, aliyechapisha historia ya mji wa Augusta mwaka 1870, aliifahamu na kunukuu sehemu zake, lakini aliona kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo haina maslahi kwa msomaji wa kawaida. Hukumu hiyo inaeleweka kwa mtu aliyekuwa akitafuta mikutano ya mji, madaraja na watu mashuhuri. Ilipita zaidi ya karne moja hadi Laurel Thatcher Ulrich alipoisoma upya, na kitabu chake cha mwaka 1990, kilichopata tuzo ya Pulitzer ya historia mwaka uliofuata, kilithibitisha kwamba yale yale yaliyopuuzwa, yaani kufua, kufuma, kuazimana na kutembeleana, ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa mji ule.

Makala hii inajikita katika mwezi mmoja wa majira ya baridi, Januari 1796. Wakati huo Martha alikuwa na umri wa miaka 60, akibakiza mwezi mmoja kutimiza 61. Alikuwa bibi mwenye wajukuu kwa mtoto wa kike na wa kiume. Kwa kipimo cha jamii nyingi, huo ni umri ambao mwanamke huanza kutumikiwa. Kwa Martha ilikuwa kinyume: kazi za nyumbani alizokuwa amezikabidhi kwa miaka kumi zilimrudia zote kwa pamoja, na zilimrudia wakati wa baridi kali. Sababu yake haikuwa umaskini wala uvivu wa mtu yeyote. Sababu ilikuwa harusi.

Ili jambo hilo lieleweke, hali ya familia haina budi kutazamwa tangu mwanzo. Martha aliolewa na Ephraim Ballard mwaka 1754, wakazaa watoto tisa. Katika kiangazi cha mwaka 1769, ugonjwa wa dondakoo ulipouvamia mji wao wa Oxford huko Massachusetts, walizika mabinti watatu katika muda usiozidi wiki tatu. Martha alikuwa mjamzito. Mwezi mmoja baadaye alimzaa Hannah, na mwaka 1772 akamzaa binti mwingine ambaye alipewa jina la Dorothy, jina la mmoja wa wale waliokufa. Nyumbani aliitwa Dolly. Binti mkubwa, Lucy, alikuwa ameshaolewa kabla shajara haijaanza. Kwa hiyo Hannah na Dolly ndio waliokuwa nguvu kazi ya nyumba hiyo mwaka 1785, mmoja akiwa na miaka 15 na mwingine 12.

Uhusiano kati ya ukuaji wa wasichana hao wawili na kazi ya mama yao ni wa moja kwa moja. Mkunga hakuwa na saa zake. Angeweza kuitwa usiku wa manane, akavuka mto juu ya barafu kwa farasi au kwa miguu, akakaa nyumba ya mzazi siku mbili au tatu akisubiri uchungu ukomae, kisha akaitwa nyumba nyingine kabla hajafika kwake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha meko bila mtu. Hannah na Dolly walipopata nguvu za kutosha, pamoja na wapwa wa Martha na wasichana wengine waliokaa nao kwa vipindi, ndipo mama alipoweza kutoka bila kutazama nyuma. Mwaka 1787 nyumba ilipata kitanda cha mfumi, wasichana wakajifunza kufuma, na kuanzia hapo shajara inajaa hesabu za nguo: kitani kilichopandwa katika shamba lao wenyewe, uzi uliosokotwa na Martha na wasaidizi wake, vitambaa vilivyofumwa na mabinti, na majirani waliokuja na uzi wao kufumiwa. Miaka hiyo ndiyo miaka ya neema ya Martha akiwa mkunga. Ni kosa kuitaja neema hiyo kama kipaji chake peke yake. Alikuwa na ujuzi mkubwa, lakini ujuzi huo ulitoka nje ya mlango kwa sababu kulikuwa na mikono mingine iliyobaki ndani.

Mikono hiyo iliondoka kama inavyoondoka katika kila nyumba yenye mabinti. Hannah aliolewa Oktoba 1792, na Dolly Mei 1795. Desturi ya eneo lile ilikuwa kwamba maharusi hawakuhamia kwao siku ya ndoa. Bibi harusi aliendelea kukaa kwa wazazi wake kwa wiki kadhaa huku mashuka, mablanketi na vyombo vya kuanzia maisha vikikamilishwa. Hivyo kuondoka kulikuwa kwa taratibu, lakini kulikuwa kuondoka kweli. Kila blanketi lililofumwa katika kitanda cha mfumi cha Martha kwa ajili ya binti lilikuwa, kwa namna fulani, hatua moja kuelekea siku ambayo kitanda hicho kingekosa mfumaji.

Baridi ya kwanza baada ya harusi ya Dolly ilikuwa ya mwaka 1795 kuelekea 1796. Dalili zinaonekana mapema. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Novemba, Martha aliandika kwamba alikuwa peke yake na kazi za nyumba huku akimuuguza ng'ombe wake aliyevimba kiwele, na akakiri, kwa maneno yasiyo ya kawaida katika shajara iliyojaa ukavu, kwamba kazi ya mwanamke haiishi. Wasomaji wa baadaye wameichukua kauli hiyo kama lalamiko la jumla kuhusu maisha ya wanawake. Ikisomwa mahali pake, ni kauli ya mwaka ule na nyumba ile. Miaka mitatu kabla ya hapo asingekuwa na haja ya kuiandika.

Januari kwenye bonde la Kennebec si mwezi wa kupumzika. Mto umeganda, na kwa kuwa umeganda umekuwa barabara. Watu husafiri kwa urahisi zaidi kuliko wakati wa matope, kwa hiyo wageni huwa wengi na wajumbe wa kumwita mkunga hawazuiwi na maji. Meko yanahitaji kuni mchana na usiku. Ng'ombe hawatoki malishoni. Hulishwa nyasi kavu zilizohifadhiwa tangu kiangazi. Kufua nguo, kazi ambayo Martha aliichukia kuliko nyingine na ambayo kwa miaka kumi ilikuwa ya wasichana, kulihitaji maji yachotwe, yachemshwe kwa ndoo nyingi, nguo zisuguliwe kwa sabuni iliyotengenezwa nyumbani kwa majivu na mafuta, kisha zianikwe katika hewa inayogandisha kitambaa kabla hakijakauka. Mbali na hayo kulikuwa na mkate wa kuoka, soksi na glavu za kufumwa kwa sindano, na mishumaa ya kutengeneza.

Mapema katika mwezi huo Martha alirudi kutoka kwa wazazi na kuikuta nyumba yake shaghalabaghala. Maneno aliyoyatumia ni ya vita, kana kwamba vyombo vyenyewe vimeshika silaha dhidi yake. Hakuvua uchovu wa safari. Alianza kupanga, kufagia na kupika, na katika shajara akajiuliza kimoyomoyo nguvu zake zingedumu mpaka lini. Swali hilo alilielekeza kwa Mungu. Hakuna mahali alipolielekeza kwa mumewe.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Nyumba haikuwa tupu. Ephraim, mpima ardhi aliyekuwa na miaka 70, alikuwapo. Alikuwapo Cyrus, mtoto wa kwanza wa kiume, ambaye hakuoa. Alikuwapo pia Ephraim mdogo, kijana wa miaka 16. Wanaume watatu wazima au wanaokaribia utu uzima walikuwa wakila, wakivaa na kuchafua nguo katika nyumba ile. Hawakuwa wavivu. Walipasua kuni, walilisha mifugo, walifanya kazi za shamba na za msituni. Lakini mkate usiookwa ulimsubiri Martha hata kama hakuwa amelala usiku mbili. Ulrich ameonyesha kwamba ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na biashara mbili zilizokwenda sambamba: ya mume, yenye vinu, mbao na upimaji, na ya mke, yenye uzi, vitambaa, kuku, bustani na ukunga. Kila mmoja alikuwa na wadeni wake na wadai wake. Mpangilio huo ulimpa Martha uhuru ambao wanawake wengi wa baadaye hawakuwa nao. Ujira wake wa kawaida wa shilingi 6 kwa kila uzazi ulikuwa wake. Ubaya wake ulionekana wasaidizi walipokosekana. Biashara ya mume haikuwa na wajibu wa kuiokoa biashara ya mke.

Suluhisho lililobaki lilikuwa kuajiri. Wasichana wa kazi walikuja wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na shajara ya miaka hiyo ina uchungu mwingi juu yao. Haikuwa rahisi kuwapata, kwa sababu kila familia yenye msichana mwenye nguvu ilimhitaji yenyewe. Msichana aliyekubali kuja hakujihesabu kuwa mtumishi. Alikuwa binti wa jirani, mwenye mipango yake ya kukusanya vitu vya ndoa, na hakuwa tayari kuamrishwa kama Martha alivyozoea kuwaamrisha wanawe. Ugomvi juu ya kazi na ujira ulifuata. Katika kurasa hizo Martha haonekani kuwa mwema sana. Anaonekana kuwa bibi aliyechoka, aliyezoea utii, asiyeelewa kwa nini vijana hawafanyi kama Hannah na Dolly walivyofanya. Shajara ingekuwa na thamani ndogo zaidi kama ingemficha.

Mabinti wenyewe hawakutoweka. Walirudi na watoto wao, walikaa, walisaidia kazi ya siku moja, wakaondoka. Martha aliwaendea kwa uzazi na kwa ugonjwa. Yaani ubibi wake haukumpa mikono ya ziada. Ulimwongezea nyumba za kuhudumia. Mkaza mwana wake pia alikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Sally Pierce alijifungua mtoto wa Jonathan Ballard Oktoba 1791, kabla ya ndoa, na Martha, akiwa mkunga, ndiye aliyelazimika kumuuliza katika uchungu baba wa mtoto ni nani, kama sheria ilivyotaka. Jibu lilikuwa jina la mwanawe mwenyewe. Wawili hao walioana Februari 1792.

Kilichoanza Januari 1796 kilifika ukomo miaka minane baadaye. Mwanzoni mwa mwaka 1804 Ephraim, aliyekuwa amepewa kazi ya kukusanya kodi na kushindwa kuikamilisha, alifungwa jela kwa deni hilo, maana mkusanyaji ndiye aliyewajibika kwa fedha ambazo hazikukusanywa. Hakutoka hadi Mei 1805. Martha alikuwa na miaka 68 alipoachwa. Kuni, ambazo mwaka 1796 zilikuwa kazi ya wanaume na hazikuhitaji kutajwa, sasa zikawa habari kubwa ya shajara: ziko wapi, nani ataleta, zitafika siku ngapi. Mwanawe Jonathan, mtu mwenye hasira za haraka, aliishi karibu. Mara aliletea mama yake kuni na mara hakuleta. Kisha Jonathan na Sally wakahamia pamoja na watoto wao katika nyumba ya Martha, naye akabaki na chumba chake. Bibi na wajukuu walikuwa chini ya dari moja kama inavyosifiwa katika maelezo mengi ya familia za zamani. Shajara inaeleza kelele, maneno makali na mwanamke mzee aliyejiona mgeni mbele ya meko yake mwenyewe.

Ephraim alipoachiliwa, wazee walirudi polepole katika utaratibu wao. Martha alilima bustani na aliendelea kuitwa kwa wazazi; uzazi wa mwisho aliouhudhuria ulikuwa Aprili 1812. Tarehe 7 Mei aliandika kwa mara ya mwisho. Alianza, kama kawaida, na hali ya hewa: kweupe kwa sehemu kubwa ya siku, baridi kali na upepo. Kisha akaorodhesha waliofika. Mchungaji alikuja kumwombea, majirani wawili walikuwapo, na pamoja nao alikuwapo Sally, ambaye Martha alimwandika kama binti, pamoja na baadhi ya watoto wake.