Muongo uliomwacha mpiga picha peke yake

Mwaka 2013 ulileta mambo mengi kwa watu wa kamera. Januari, kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, ilitoa ndege ndogo nyeupe iitwayo Phantom. Aprili, Freefly ya Marekani ikaonyesha MoVI, fremu ya mkononi yenye mota zinazoua mtikisiko. Julai, Canon wakatangaza 70D, kamera ya bei ya kati yenye fokasi ya aina mpya kabisa. Oktoba ikawa zamu ya Sony na A7, kamera isiyo na kioo ndani lakini yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ukubwa ule ule wa picha moja kwenye mkanda wa filamu wa zamani.

Ukivitazama vifaa hivyo leo, baada ya wajukuu wake kujaa kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, unaona kitu kimoja kinachoviunganisha. Kila kimoja kilichukua kazi iliyokuwa ya mtu. Tumezoea kuisimulia historia ya kamera kwa hesabu za megapikseli na ung'avu wa picha. Mimi naona habari kubwa ya muongo uliopita ilikuwa namna kikosi cha watu watano kilivyopungua hadi kubaki mtu mmoja mwenye begi la mgongoni.

Chimbuko lake liko nyuma kidogo. Agosti 2008 Nikon walitoa D90, DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani) ya kwanza iliyoweza kurekodi video. Wiki chache baadaye Canon wakaja na 5D Mark II, na hiyo ndiyo iliyotikisa soko. Kisa cha kuwekewa video hakikuwa sinema: mashirika ya habari yalitaka waandishi wao wa picha wawe wanaleta na video za kuweka kwenye tovuti. Mpiga picha Vincent Laforet aliazima moja kabla haijaingia madukani, akaenda nayo mitaani New York usiku kwa mwisho wa wiki mmoja, akatengeneza filamu fupi aliyoiita Reverie. Watu walipoiona mtandaoni walishangaa. Usuli uliofifia taratibu nyuma ya uso, taa za mji zilizogeuka viduara laini, yote yametoka kwenye kamera ya dola 2,699. Mei 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa tamthilia ya Marekani, House, kilirekodiwa kwa kamera hiyo hiyo.

Lakini ilikuwa kamera ya picha iliyolazimishwa kazi nyingine, na waliofanya nayo kazi hawajasahau. Faili moja halikuweza kuzidi gigabaiti 4, kwa hiyo baada ya dakika 12 hivi ilikatika. Sauti yake ilikuwa mbovu, ikabidi ununue na kinasa sauti cha pembeni kama Zoom H4n, kisha upige kofi mbele ya lenzi ili baadaye ulinganishe mlio na picha wakati wa kuhariri.

Hata tatizo la ukubwa wa faili lilipopata ufumbuzi, kamera nyingi zilizofuata ziliendelea kujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hilo halikuwa kosa la kiufundi. Forodha ya Umoja wa Ulaya ilihesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, na kamera ya video ilikuwa na ushuru wake. Watengenezaji wa Japani wakaona heri wakate sekunde moja kuliko kuongeza bei. Uamuzi huo wa ofisi za Ulaya ukaja kumtesa mpiga video wa Morogoro au Kakamega. Mawaidha ya kanisani hayafuati saa ya forodha. Mwenye uzoefu alijifunza kuviziavizia: mchungaji akitulia kumeza mate, au kwaya ikisimama, anabonyeza kuzima na kuwasha tena ndani ya sekunde mbili, ili kikomo kisije kikaangukia kwenye kiapo chenyewe.

Katika ule mgawanyo wa kazi za zamani, mtu aliyeonekana zaidi ukumbini kwetu alikuwa mshika taa. Kamera za begani za wakati wa kanda zilihitaji mwanga mwingi, na kumbi zetu za harusi hazikuwa nao. Basi kijana mmoja alipewa taa ya halojeni kali na waya mrefu wa umeme, akawa anawafuata maharusi kila waendako huku mwingine akiukunjua waya asije akajikwaa mjomba wa mtu. Wageni walikunja nyuso, vipodozi vikayeyuka, na bibi harusi akaonekana amekasirika siku ya furaha yake. Ukiizima taa hiyo, picha ilijaa chenga. Zilianzia kwenye suti nyeusi, zikapanda kwenye nyuso, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tuliofichwa nazo kwanza.

Aprili 2014 Sony walitangaza A7S, ndugu wa ile A7. Wakati kila kampuni inashindana kuongeza megapikseli, hii ilikuwa na 12.2 tu. Hapo ndipo palipokuwa na akili yake. Kihisi ni kile kile kwa ukubwa, kwa hiyo nukta zikiwa chache kila moja inakuwa pana, na nukta pana inakusanya mwanga zaidi kabla chenga hazijaizidi nguvu. ISO yake, yaani usikivu wake kwa mwanga, ilifika 409,600. Hakuna aliyeitumia kwa kiwango hicho kwa kazi ya malipo, lakini hata ukishuka hadi 12,800 ulipata uso safi kwa mwanga wa mishumaa ya mezani. A7S hiyo ya kwanza ilihitaji kinasa cha nje ili kuhifadhi 4K. A7S II ya 2015 ikairekodi ndani yenyewe. Mshika taa akaachiwa aende nyumbani.

Naipenda kamera hiyo, na bado nasema ilituharibia kitu. Kuona gizani ni jambo moja, na mwanga mzuri ni jambo lingine. Miaka iliyofuata tulijaza harusi zenye nyuso za zambarau na kijani, kwa kuwa mwanga pekee uliokuwepo ni wa taa za LED alizofunga mpambaji ukutani, na mpiga video aliona zinatosha kwa sababu kamera ilisema zinatosha. Waliolielewa jambo hili vizuri ni watu kama Gareth Edwards, aliyeongoza filamu ya The Creator ya mwaka 2023. Filamu ilikuwa na bajeti ya dola milioni 80, nayo ikapigwa kwa Sony FX3, kamera isiyofika dola 4,000, yenye kihisi cha ukoo wa A7S III. Kamera iliona gizani vya kutosha, lakini Edwards hakumwondoa mtu wa mwanga. Msaidizi alikuwa na taa nyepesi kwenye mti mrefu, mwigizaji akihama naye anahama, na mwanga unapangwa upya kwa sekunde chache badala ya kusubiri dakika kumi.

Fokasi ndiyo ninayoiona kuwa badiliko kubwa kuliko yote, ingawa haisimuliwi sana kwa kuwa haina mvuto wa kutazama. Kwenye sinema, kuzungusha pete ya lenzi ni kazi ya mtu mahususi. Anapima umbali kwa tepu, anaweka alama kwenye pete na alama sakafuni, na mwigizaji akitembea yeye anageuza bila hata kuitazama picha. Ni kazi ya miaka kuijua. DSLR za mwanzo zilijaribu kumwiga kwa kubahatisha: lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inalinganisha ni wapi mistari imekolea zaidi, na kwenye video mtazamaji anaona uso ukipotea na kurudi.

Canon 70D iligawa kila nukta ya kihisi chake sehemu mbili, ya kushoto na ya kulia. Kila upande unaona picha yake. Zikipishana, kamera inajua lenzi imekosea kuelekea wapi na kwa kiasi gani, hivyo inakwenda moja kwa moja bila kupapasa. Sony walifuata njia yao, wakaongeza programu ya kutambua jicho. Februari 2018 wakatoa A7 III kwa dola 2,000: pointi 693 za fokasi zilizotapakaa karibu fremu nzima, 4K safi, na betri iliyokadiriwa picha 710 kwa chaji moja. A7 ya kwanza ilikuwa inakata roho kwenye 340 hivi.

Ukiniuliza kamera ya muongo ni ipi, nitaitaja hiyo. Mwangalie bibi harusi anavyoingia kanisani. Lenzi iko wazi f/1.8, fokasi ina kina cha upana wa viganja tu, naye anatembea kuja kwenye kamera kutoka mlangoni hadi madhabahuni, shela inampita usoni, msimamizi anakatiza mbele. Mwaka 2010 picha hiyo ilikuwa ya kamari. Mwaka 2018 mraba mdogo uliukamata uso wake mlangoni, ukabaki nao hadi mwisho.

Kuhusu mwendo, tangu miaka ya 1970 dunia ilitegemea Steadicam ya Mmarekani Garrett Brown, kifaa cha fulana, mkono wa springi na mafunzo marefu. MoVI ilipunguza mafunzo lakini bei ilikuwa dola 15,000 hivi. Mwaka mmoja baadaye DJI wakaleta Ronin kwa karibu dola 3,000, na 2018 Ronin-S kwa dola 699, inayobeba kilo 3.6. Kinachobaki kwa mtumiaji ni subira ya kusawazisha: unazima mota, unalegeza bamba, unasogeza kamera kidogo kidogo mpaka ukiigeuza lenzi ielekee juu ibaki pale pale isianguke, kisha unahamia mhimili wa pili na wa tatu. Anayeruka hatua hii anasikia mota zikinguruma na betri inaisha kabla ya keki. Ubaya wake sote tunaujua. Kila video ya harusi ikaanza kuwazunguka maharusi kama tiara, na mtu akasahau kwamba kamera iliyosimama kwenye stendi nayo inaweza kusema kitu.

Ndege za angani zilikwenda haraka zaidi. Phantom ya kwanza haikuwa hata na kamera, ulifunga GoPro yako chini ya tumbo. Kufikia Septemba 2016 Mavic Pro ilikunjwa ikaingia kwenye mkoba, gramu 743, hewani hadi dakika 27. Picha ya juu ya ufukwe wa Paje au ya misafara ya nyumbu, iliyokuwa ya wenye kukodi helikopta, ikawa ya kijana wa mtaani, ilimradi awe na kibali. Serikali zilichukua muda kujipanga. Kenya ilichapisha kanuni zake mwaka 2020, na Tanzania huwezi kurusha bila kupita mamlaka ya usafiri wa anga.

Sauti ndiyo eneo pekee ambako muongo huu uliongeza kazi. Harusi zetu hazikuwahi kuwa na fundi sauti wa video. Tulichomeka waya kwenye mikseri ya DJ na kumwomba Mungu. Rode walipotoa Wireless GO mwaka 2019, vipande viwili vya gramu 31 kila kimoja kwa dola 199, kwa mara ya kwanza mpiga video wa kawaida akaweza kumbandika bwana harusi maikrofoni kwenye koti na kuisikia sauti yake ikitetemeka anapoapa.

Wakati haya yote yanaongezeka ubora, soko lenyewe lilikuwa linaporomoka. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2021 hazikuzidi milioni 9. Simu ndiyo iliyozimaliza, na haikuishia kwenye picha za kujipiga: Sean Baker alipiga filamu yake Tangerine kwa iPhone 5s, ikaonyeshwa Sundance Januari 2015. Kamera ndogo za bei nafuu zilikufa, Olympus wakauza kitengo chao cha kamera, na waliobaki wakahamia kutengeneza mashine za gharama kwa ajili ya wanaoishi kwa kazi hii.

Kinachoniuma ni ngazi iliyoondoka pamoja na wasaidizi. Mshika taa hakuwa mshika taa maisha yake yote. Alianza na waya, akapanda kwenye taa, siku moja kaka mwenye kamera akaenda kula naye akaachiwa begani dakika kumi. Alijifunza wapi pa kusimama wakati wa kuvishana pete, mama yupi asikatwe kwenye picha ya ukoo, lini anyamaze. Haya hayamo kwenye video za mafunzo za mtandaoni, na kijana anayenunua A7 III iliyotumika anayajua siku ya harusi yenyewe, kwa gharama ya maharusi. Na bei ya kazi imeshuka kwa mantiki ile ile: mteja anauona mwili mmoja, analipa mwili mmoja, wakati mwenye kazi amebeba madeni ya vifaa vya watu watano.

Hivi karibuni kikosi kimeanza kukua tena, kwa njia ambayo watengenezaji hawakuipanga. Kwenye sendofu na harusi za Dar es Salaam na Nairobi sasa anaongezwa mtu wa simu, mara nyingi msichana au mvulana mdogo, anayerekodi wima kwa ajili ya TikTok na status. Hana taa wala lenzi ya kubadilisha. Anasimama ubavuni mwa mpiga video mkuu, anaiga mahali anapoelekeza kamera, na vipande vyake vinakuwa vimeshawafikia ndugu walioko Muscat na Minnesota kabla sahani za pilau hazijaondolewa mezani.