Haibridi ya bei poa: kilomita zako kwanza, betri pili, bei mwisho



Mada ya leo inawahusu machalii na madada wanaowaza mkoko wa kwanza, hasa wale wanaotaka ufanye kazi na kuingiza mkwanja. Wese likipanda, kila kijiwe kinaongelea haibridi. Mwaka 2022 petroli ilipovuka Sh 3,000 kwa lita, hata wazee wa Land Cruiser walianza kuuliza bei ya Aqua. Ila haibridi inaweza kukutoa kimaisha, na inaweza pia kukumalizia akiba yote kwa siku moja pale betri inapokufa. Kwa hiyo tuchambue taratibu.

"Mpya" ni ipi?

Tuelewane kwanza kwenye neno. Mtu wa Lemara akisema amenunua gari mpya, mara nyingi ana maana gari iliyoshuka juzi bandarini Dar ikiwa na namba mpya. Japani inaweza kuwa imetembea miaka 10. Haibridi ya kilomita sifuri kutoka kwa wakala rasmi ipo, lakini bei yake ni ya taasisi na watu wenye kampuni. Hapa naongelea ile ya kawaida: mtumba wa Japani, usukani kulia, ulioagizwa au kukutwa yadi.

Inafanyaje kazi?

Haibridi ina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Ukikanyaga breki au ukishuka mlima, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri kubwa. Ukiondoka taratibu au ukikwama foleni, injini inazima na mota inasukuma gari. Haibridi ya kawaida huchomeki ukutani. Ukiona tangazo limeandikwa PHV, hiyo ni ya kuchomeka, ni habari nyingine.

Matokeo yake ni kwamba haibridi inaokoa zaidi kwenye kusimama na kuondoka, kupanda na kushuka. Ndiyo maana inafaa mjini. Ukinyoosha barabara kuu kwa mwendo uleule, mfano Arusha hadi Dar, bado inaokoa ila tofauti inapungua.

Hesabu yenyewe

Tupige kwa mfano. Lita tuiweke Sh 3,000. Toyota IST tuipe kilomita 12 kwa lita, Aqua tuipe 20. Najua matangazo ya Japani ya Aqua yalisema kilomita 35.4 kwa lita ilipotoka. Hicho ni kipimo cha maabara, usikitegemee kwenye barabara zetu.

Kilomita 1,000 kwa IST ni lita 83 na kidogo. Kwa Aqua ni lita 50. Tofauti ni kama lita 33, yaani karibu Sh 100,000. Ikariri hiyo: kila kilomita 1,000, laki moja.

Sasa tuwaweke watu wawili.

Wa kwanza ana kazi ya ofisini mjini na anaishi Lemara. Kwa mwezi anatembea kilomita 600, anaokoa Sh 60,000, kwa mwaka Sh 720,000. Kama haibridi imemzidi milioni 3 kuliko IST, itachukua zaidi ya miaka 4 kuirudisha. Na hapo betri isisumbue.

Wa pili anaendesha teksi ya mtandaoni. Anatembea kilomita 120 kwa siku, siku 26, jumla 3,120. Anaokoa Sh 312,000 kwa mwezi. Milioni 3 zake zinarudi ndani ya miezi 10.

Gari ni ileile, mmoja anapata faida na mwingine anajifurahisha tu. Weka bei ya wese ya mwezi huu (EWURA wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi), weka kilomita zako, upate jibu lako. Usikope hesabu ya jirani.

Jambo lingine: safari fupi fupi zinapunguza faida. Injini ikiwa baridi lazima iwake ipate moto kwanza, na asubuhi za Juni na Julai Arusha mnazijua. Ukitoka Lemara kwenda mjini ukazima, ukarudi jioni ukazima, sehemu kubwa ya safari imeisha kabla injini haijapata joto lake.

Modeli zenyewe

Toyota Aqua: ilitoka Desemba 2011, injini ya 1.5. Ndogo, rahisi kuegesha, inatumia mfumo wa Toyota ambao mafundi wameshauzoea. Ubaya ni kwamba iko chini, takriban milimita 140 kutoka ardhini, na siti ya nyuma imebana. Kwa barabara za ndani za Lemara wakati wa masika, tope na mawe utavisikia chini ya tumbo. Ipo ya X-Urban iliyonyanyuliwa kidogo, ukiipata ni nafuu.

Toyota Corolla Axio na Fielder haibridi: zilianza 2013, injini ya 1.5 ya familia moja na Aqua. Zina nafasi zaidi. Fielder ina buti la kubeba mizigo, kwa mtu wa biashara ndogo au wa kubeba wageni na mabegi ni chaguo zuri.

Toyota Prius: baba yao wote, ilianza Japani Desemba 1997. Ya 2003 hadi 2009 ina injini ya 1.5, sasa ni mzee. Ya 2009 hadi 2015 ina 1.8. Ni gari nzuri, ila hii ya 1.8 ina ugonjwa unaojulikana: njia ya kurudisha moshi kwenye injini (EGR) inaziba masizi, halafu gasketi ya silinda hedi inaungua. Ukiiwasha asubuhi ikatetemeka kama ina homa, au maji yakawa yanapungua bila kuona yanapovuja, achana nayo.

Honda Fit haibridi na Vezel: zile za kuanzia mwishoni mwa 2013 zina gia saba za klachi mbili. Zina nguvu, na Vezel imenyanyuka vizuri kwa barabara mbaya. Lakini Honda waliirudisha Fit hiyo gereji Japani zaidi ya mara moja kati ya 2013 na 2014 kwa marekebisho, gia ikiwemo. Kama huna fundi anayejua gia hiyo, usiwe wa kwanza kujifunzia.

Nissan Note e-Power: ilitoka Novemba 2016. Injini yake ya 1.2 haigeuzi matairi kabisa, kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Tamu kuendesha mjini. Kabla hujalipa, uliza vipuri na fundi wake wako wapi.

Angalizo: si kila gari yenye kibandiko cha haibridi ni haibridi kamili. Zipo ambazo mota ni ndogo, inasaidia tu injini kuwaka na kuondoka. Akiba yake ya mafuta ni ndogo pia. Uliza hivi: hii inaweza kutembea kwa umeme peke yake? Kama haiwezi, usilipe bei ya haibridi kamili.

Adui wa betri yako ni joto, na vumbi ndiyo chanzo

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Betri ya Aqua na Axio iko chini ya siti ya nyuma, ya Prius iko nyuma ya siti. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo jirani na siti ya nyuma. Sasa fikiria kiangazi cha Lemara, barabara ya vumbi, madirisha wazi. Vumbi lote lile linavutwa. Feni inaziba, betri inachemka, seli zinakufa moja moja.

Dawa yake ni rahisi: kwenye vumbi funga vioo, safisha au badilisha filta ya tundu hilo kama ipo, na kila baada ya miezi michache fundi afungue feni aipulize. Usifunike tundu kwa mabegi au makava ya siti. Na kwenye kuosha gari, mwambie kijana asimwage maji kwenye siti ya nyuma.

Betri ikishachoka, utaambiwa "tunabadilisha seli moja tu". Inawezekana, na ni bei rahisi. Shida ni kwamba seli mpya ukiichanganya na zilizochoka, baada ya muda nyingine inakufa, unarudi gereji. Kwa hiyo unaponunua, tenga kabisa pesa ya betri pembeni. Kama bajeti yako inaishia kwenye bei ya gari, hiyo gari bado hujaiweza.

Ushuru: mwaka wa gari ni pesa

Kenya hawapokei mtumba uliozidi miaka 8. Sisi tunapokea, ila unalipia uzee. Viwango vilivyozoeleka ni hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 hadi 2000, VAT asilimia 18, pamoja na tozo nyingine ndogo ndogo. Juu yake unakuja uchakavu: asilimia 15 kwa gari ya miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 ikizidi 10. Aqua za 2012 na 2013 zote zimeshaingia kwenye 30. Ndiyo maana ile ya rahisi Japani inaweza kuwa ghali ikifika Dar.

Viwango hubadilika na bajeti kila Julai. Usikisie, ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, weka aina, mwaka, nchi na cc, kitakupa kodi. TRA wana thamani yao, ankara yenye bei ya kuchakachua haitakuokoa. Ongeza gharama za bandari, wakala wa kutoa mzigo, usajili, bima na wese la kuileta Arusha.

Kukagua kabla hujatoa hela

1. Omba karatasi ya mnada ya Japani na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita. Kilomita 60,000 halafu usukani umepauka na pedali zimelika? Hapo pamechezewa.
2. Fundi aje na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Msimbo P0A80 maana yake betri kubwa imechoka. Waulize pia kama makosa yamefutwa asubuhi hiyo. Ukiendesha yanaweza kurudi.
3. Endesha mlima na mteremko. Kipimo cha betri kikipanda na kushuka haraka haraka kama mtu wa presha, betri imekwisha.
4. Sikiliza feni ya nyuma. Ikipiga kelele muda wote, kuna joto.
5. Kanyaga breki mara kadhaa gari ikiwa imesimama. Pampu ikiunguruma kila mara au taa ya breki ikiwaka, jua ni matengenezo ya gharama.
6. Ukiagiza mwenyewe, lipa kwenye akaunti ya kampuni iliyopo kwenye tovuti yao rasmi, kamwe si akaunti ya mtu binafsi. Ukinunua mkononi, hakiki kadi ya gari kwanza.

Ukishaipata

Foleni ikisimama muda mrefu weka P, usiweke N. Ukiwa N betri kubwa haichajiwi. Mteremko mrefu tumia B, breki zitakushukuru. Usitumie haibridi kustua gari nyingine. Ikiharibika usiivute matairi ya mbele yakiwa chini, ipakie. Na zile nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Fundi kanjanja asizisogelee, hata kama ni shemeji yako.

Kwa wale wa gari za mkataba

Hii iandikeni. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri, wese ni juu yake, hivyo akiba ya haibridi inabaki mfukoni kwake. Sawa. Betri ikifa mwezi wa nane, nani analipa? Kama mkataba umekaa kimya, mtagombana, na mwenye njaa ndiye atakayeshindwa. Andikeni kabla ya kusaini: betri ya nani, feni inasafishwa lini, na siku gari ikiwa gereji hesabu inasimama au inaendelea.

Kwa ufupi wadau: unatembea chini ya kilomita 1,000 kwa mwezi, chukua gari ya kawaida yenye injini ndogo ulale usingizi. Unazidi 2,000, haibridi ya Toyota yenye betri iliyopimwa ni mwenzio wa maisha. Ukiwa katikati, amua kwa barabara ya kwenu na kwa fundi uliyenaye. Rangi na rimu ziangalie mwisho kabisa.

Mwenye uzoefu wa haibridi kwenye vumbi la huku kwetu atupie hapo chini, ataje modeli, kilomita na betri imedumu miaka mingapi. Matusi hapana.