Biblia Ilivyoingia Majumbani Afrika Mashariki

Kusoma Biblia nyumbani, kwa sauti, pamoja na majirani, ni desturi ambayo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki huidhania kuwa ya tangu Ukristo ulipoingia. Sivyo. Miongoni mwa Waprotestanti ilishika mizizi mwishoni mwa karne ya 19, na kwa Wakatoliki ni ya juzi tu, miaka ya 1970. Kabla ya hapo Neno lilisikika kanisani, kinywani mwa padri, mchungaji au katekista, na muumini alirudi nyumbani na kile alichokikumbuka.

Tafsiri ilitangulia desturi kwa muda mrefu. Juni 1844, muda mfupi baada ya kufika Mombasa, Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa Ali bin Mohiddin, kadhi wa mji huo. Julai alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, lakini kazi haikusimama. Sura za kwanza zilichapwa Marekani katika jarida la wanazuoni, mbali kabisa na wasomaji wa pwani. Unguja, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyefika mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874, alikwenda hatua moja mbele. Misheni yake ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Aliaga dunia mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891.

Hata hivyo, si pwani bali ni Buganda ambako kitabu kiliingia kwanza katika maisha ya kila siku. Mmisionari Alexander Mackay alifika huko mwaka 1878 akiwa na mtambo mdogo wa kuchapia. Masomo ya mwanzo katika ikulu ya Kabaka Mutesa yalitumia Kiswahili, pamoja na sehemu za Maandiko zilizotoka Unguja, kwa sababu lugha hiyo ilikuwa imekwisha kufika na misafara ya biashara. Walioupokea Ukristo waliitwa wasomaji, na jina hilo lilistahili: Kanisa la Anglikana lilimtaka mtu mzima ajue kusoma kabla ya kubatizwa, isipokuwa wazee na vipofu. Katika miaka ya 1890 vijiji vilijenga vibanda vya kusomea vilivyoitwa sinagogi, ambamo mwalimu mmoja mwenye kitabu kimoja aliweza kukusanya watu wa rika zote.

Biblia ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896 kwa kazi ya mmisionari George Pilkington na Mganda Henry Wright Duta. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa na umbo la ajabu: kitabu kifupi, chembamba kwa upana, lakini kinene kama tofali. Kilipimwa kitoshee ndani ya mkebe wa biskuti, kwa kuwa mchwa walizimaliza kurasa upesi kuliko msomaji yeyote. Ukubwa wa kitabu uliamuliwa na mahali pa kukihifadhi nyumbani, jambo linaloonyesha wazi kwamba wachapaji hawakuwa wakifikiria mimbari.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mambo yalikwenda polepole zaidi. Unguja na Mombasa kila moja ilikuwa na Biblia yake, ya Kiunguja na ya Kimvita. Mwaka 1937 ikaongezeka ya tatu, ya Mjerumani Karl Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Familia ya Kilutheri na ya Kianglikana zilizopanga nyumba moja zingeweza kufungua sura ileile na kusoma sentensi tofauti. Biblia ya pamoja, Union Version, ndiyo iliyomaliza mgawanyiko huo: Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952. Lugha yake, ambayo leo vijana huiona ya kizamani, ndiyo ambayo wazee wengi huitumia wanapotaja mistari kwa moyo.

Wakati huo Uamsho wa Afrika Mashariki miongoni mwa Waprotestanti ulikuwa umekwisha kuvunja ukuta mwingine. Ulianzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka walikutana katikati ya juma bila kumngoja mchungaji. Walisoma, waliimba, waliungama makosa yao hadharani na kushuhudia. Mke aliweza kusimama mbele ya mumewe na kueleza andiko lilivyomgusa. Baadhi ya viongozi wa makanisa hawakupendezwa, na si vigumu kuelewa kwa nini: mlei alikuwa akifafanua Maandiko bila kuomba ruhusa.

Wakatoliki walipitia njia nyingine. Tangu misheni ya Bagamoyo ya mwaka 1868, imani ilifundishwa kwa katekisimu iliyokaririwa, sala za asubuhi na jioni, rozari, na hadithi za Biblia zilizosimuliwa na katekista. Misa ilikuwa ya Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulibadilisha hali hiyo. Hati yake ya Dei Verbum ya Novemba 1965 ilitaka waamini wote wafunguliwe mlango mpana wa Maandiko. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walijadili suala hilo Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji.

Nchini Tanzania mbegu hiyo ilikuta udongo uliolimwa. Watu walikuwa wamezoea kukutana kwa nyumba kumi kumi, na Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Akina mama waliojifunza kusoma kwenye kisomo cha jioni ndio waliosoma Injili kwenye jumuiya.

Utaratibu wa jumuiya haujabadilika sana. Jumamosi alfajiri, au jioni ya siku ya kazi, viti vya plastiki hupangwa na mikeka hutandazwa uani kwa mwenyeji wa zamu. Juu ya meza yenye kitambaa cheupe huwekwa msalaba, mshumaa na Biblia. Injili ya Jumapili ijayo husomwa, watu hunyamaza, husomwa tena, kisha kila mmoja hutaja neno lililomgusa. Parokia nyingine hufuata Hatua Saba, njia iliyoandaliwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Baada ya maombi hufuata matangazo, na hapo ndipo Neno hupata mshindani: michango, ziara ya mgonjwa, barua ya utambulisho kwa anayetaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto. Kwa baadhi ya wanajumuiya, barua hiyo ndiyo sababu kuu ya kuhudhuria.

Katikati ya miaka ya 1990 Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ilileta Kiswahili chepesi mikononi mwa jumuiya hizo. Septemba 30, 2019, Papa Fransisko alitenga Jumapili ya Tatu ya Kipindi cha Kawaida cha Mwaka wa Kanisa kuwa Jumapili ya Neno la Mungu. Palipokuwa na jumuiya hai, watu walikuwa wamekwisha kuzoea kulisoma Neno kila wiki. Upungufu wao uko kwingine: kwa kuwa husoma hasa Injili ya Jumapili, vitabu vingi vya Agano la Kale huwapita bila kufunguliwa.