Wanaolala Dunguni

Kamusi hulieleza neno dungu kwa mstari mmoja tu: ulingo wa miti unaojengwa shambani ili mtu akae juu yake kulinda mazao. Lina kitenzi chake, kuamia, ambacho rafiki zangu wa Dar es Salaam hudhani nimekosea kuandika kuhamia. Kuamia ni kulinda shamba lisiliwe na ndege au wanyama. Kwetu Ruangwa, na kwa majirani zetu wa Nachingwea, mchana watu huamia kwa sababu ya nyani na tumbili, usiku kwa sababu ya nguruwe pori. Tembo hana ratiba.

Nilipoanza masomo ya uzamili nilishauriwa niandike kuhusu Mradi wa Karanga. Ukitaja Nachingwea mbele ya mwanahistoria, jambo la kwanza linalomjia ni karanga, la pili ni kambi ya FRELIMO. Nikausoma mradi huo. Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakajenga bandari Mtwara na reli kuja Nachingwea, wakaleta matrekta, na mwanzoni mwa 1951 wakaachana nao wakiwa wamepoteza mamilioni ya pauni. Ni kisa kizuri na kimesimuliwa mara nyingi, mara nyingi kwa kicheko. Mimi kilichonishika ni neno moja linalojirudia katika maandishi ya wakati ule: tupu. Ardhi ya kusini ilikuwa tupu, kwa hiyo ingefaa kulimwa na mitambo. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza ilikuwaje ikawa tupu, na nani alikuwa anaijaza wakati watu hawapo.

Sehemu ya jibu iko mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilianza Julai katika vilima vya Umatumbi, na ilipofika Agosti boma la Wajerumani la Liwale lilikuwa limeanguka na misheni za Nyangao na Lukuledi zimeshambuliwa. Majibu ya Wajerumani tunayasoma shuleni kama habari ya bunduki dhidi ya maji, lakini silaha iliyoua wengi zaidi ilikuwa njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mazao yakaharibiwa yakiwa shambani. Hesabu za Wajerumani wenyewe zilitaja watu 75,000 waliokufa. Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa kusini miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika, anaonyesha kilichofuata: watu walipopungua, kichaka kilirudi kwenye mashamba, na pamoja na kichaka wakarudi wanyama na mbung'o. Ninapoliita pori letu la asili nakumbuka kwamba sehemu kubwa yake ina umri wa kuhesabika, na kwamba chini ya miombo mingine kuna mafiga ya mtu.

Hata kabla ya vita nguruwe walikuwa suala la siasa. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alichapisha makala kuhusu njaa na nguruwe pori huko Uzaramo, kaskazini mwa kwetu. Hoja yake ni kwamba ukoloni uliwaondoa wanaume vijijini kwenda kwenye kazi za kulazimishwa na vibarua, ukabana uwindaji wa nyavu uliokuwa ukipunguza nguruwe, na kuwaachia wanawake mashamba wasiyoweza kuyalinda peke yao. Nilipoisoma mara ya kwanza niliacha kufikiria Maji Maji kama habari ya pamba peke yake. Mtu anaweza kuvumilia viboko akijua kuna mahindi nyumbani. Mahindi yakiliwa usiku, na mwenye mkuki yuko kwenye shamba la serikali, hesabu inabadilika.

Miaka ya 1940 watu walipunguzwa tena. Safari hii sababu rasmi ilikuwa malale. Maelfu ya wakazi wa Liwale, wengi wao Wangindo, walihamishwa, na ardhi waliyoiacha ikaongezwa kwenye Pori la Akiba la Selous. Mtu aliyeshughulikia sana upanuzi huo alikuwa bwana nyama C.J.P. Ionides, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa mapenzi yake kwa nyoka. Waliohamishwa hawakwenda mbali na wanyama. Mpaka uliwekwa, ila nguruwe hasomi ramani.

Vijiji vya ujamaa vilikuja baadaye, na mwishoni mwa 1973 kuishi kijijini kukawa amri. Zahanati na shule zikasogea karibu, hilo silidharau. Bila shule hizo nisingekuwa naandika haya. Lakini nyumba zilisogea na mashamba hayakusogea. Mtu aliyezoea kuamka na kuliona shamba lake sasa alitembea saa moja au mbili kulifikia, na mahindi yakianza kubeba alilazimika kuhamia huko kabisa, akalala kwenye kibanda cha nyasi au dunguni mpaka mavuno.

Bibi mmoja wa Ruangwa, rafiki wa marehemu bibi yangu, alinieleza kazi yenyewe. Nilifika na kinasa sauti na maswali kumi na manane. Alinitazama akasema, "Mjukuu wangu, maswali mengi hivyo ni ya polisi." Basi nikakizima, tukakaa tukipukuchua mahindi.

Dungu zuri, alisema, lina urefu wa mtu mzima na nusu na liko upande nguruwe wanakotokea, maana wana njia zao. Chini unaacha kisiki kiwake polepole. Juu unakuwa na debe bovu na gongo, na unapiga debe hata kama husikii kitu, kwa sababu ukilisikia kundi limeshaingia umechelewa. Nguruwe hali hindi moja akaondoka. Anaangusha bua, anatafuna kidogo, anaangusha lingine. Usiku mmoja unatosha kumaliza chakula cha miezi. Unaimba ili usilale. "Na ukiwa na mtoto unamwimbia yeye, kumbe unajiimbia wewe."

Kisha akanieleza habari ya mdogo wake wa kiume. Alishuka dunguni kuchochea moto, usiku wa mapema, na simba akamchukua. Asubuhi walifuata damu hadi korongoni. Nilikaa kimya. Bibi aliendelea kupukuchua, akasema, "Simba yule hakumfuata yeye. Alimfuata nguruwe."

Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya utafiti wao: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308, wengi katika mikoa ya kusini mashariki, na hasa wakati wa mavuno. Wilaya zilizoathirika zilikuwa na wanyamapori wachache wa kawaida wa simba na nguruwe pori wengi. Nguruwe hufuata mahindi, mkulima hulala shambani kumzuia nguruwe, simba humfuata nguruwe na kumkuta mkulima. Bibi alikuwa ameyasema hayo kwa sentensi mbili.

Wapo wasiokubali. Kijijini kwao walisema simba yule ni wa kutumwa, na mzee mmoja mpweke akatajwa. Alihama na mkewe kabla ya masika mengine. Bibi hakunieleza zaidi, nami sikumsukuma. Nimesoma watafiti wanaoiita imani hiyo njia ya jamii kuelewa maafa, na labda ni kweli, lakini mzee yule alipoteza nyumba kwa sababu ya nguruwe ambao hakuna aliyewafuga.

Huko Yosemite, Marekani, dubu weusi wamejulikana kwa miaka mingi kwa kunyakua chakula na mabegi ya watu wanaotembea milimani. Hifadhi imewatakia wageni wanaolala porini wabebe makopo magumu ambayo dubu hawezi kuyafungua. Ni dawa ya busara. Chakula cha mgeni yule kinaingia kwenye kopo, na kikiliwa chote anakatisha safari na kurudi nyumbani. Ekari mbili za mahindi haziingii kwenye kopo, na anayezilinda tayari yuko nyumbani.

Hapa kwetu dawa ya serikali inaitwa kifuta jasho, kwa mazao, na kifuta machozi, kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Kanuni zake ni za mwaka 2011. Napenda majina hayo kwa ukweli wake. Hayajidai kuwa fidia. Kanuni zile ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa. Lakini zinahusu wanyama wakali na waharibifu walioorodheshwa, kama tembo, simba, kiboko na mamba. Nguruwe pori hayumo, wala nyani. Yaani simba akimuua mlinzi familia inaweza kufutwa machozi, ila yule aliyemfanya alale nje hatambuliki.

Nilimuuliza Bibi kama wajukuu zake bado wanaamia. Alisema mkubwa yuko kidato cha tatu na mama yake amekataa asikose mitihani, kwa hiyo mwaka huu wamelima ufuta kwenye shamba la mbali, kwa kuwa nguruwe hana habari nao sana, na mahindi wameyaleta nyuma ya nyumba, robo ekari. Hayatawatosha hadi Desemba. Mengine watanunua kwa pesa ya ufuta, bei ikikubali. Dungu la zamani bado limesimama, ngazi imeoza. Mwanawe alitaka kulivunja apate kuni na yeye akamzuia.

"Tembo wameonekana ng'ambo ya mto," alisema, akaniongezea mahindi ya kupukuchua.