Kirusi cha umbo la uzi kinachoozesha mihogo ardhini

UGONJWA wa michirizi kahawia wa mihogo humhadaa mkulima. Mkazi wa Machochwe, wilayani Serengeti mkoani Mara, anaweza kuliona shamba lake limestawi, lakini siku ya kuvuna akakuta mizizi ina mabaka makavu ya kahawia yasiyofaa hata kwa udaga.

H. H. Storey aliueleza ugonjwa huo kitaalamu mwaka 1936, akiwa Amani, Tanga. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa pwani na nyanda za chini, hadi ulipozuka Uganda mwaka 2004 na kuenea Kanda ya Ziwa.

Wasababishi ni virusi viwili vya ukoo wa Potyviridae, CBSV na UCBSV. Kila chembe ni uzi unaopindika, wenye urefu wa nanomita 650 hivi. Chembe 1,500 zikipangwa kwa mstari hufikia takriban milimita moja tu.

Ndani ya uzi mna mkanda mmoja wa RNA wenye herufi za urithi zipatazo 9,000. Nje umevikwa protini ya aina moja, iliyojirudia na kujizungusha mithili ya ukili wa mkeka. Picha za mwaka 2017 za kirusi cha matikiti, ndugu wa hawa, zilionyesha kila kipande cha protini kikishika herufi tano. Kwa hesabu hiyo, uzi wa muhogo ungehitaji vipande 1,800 hivi.

Ajabu zaidi imo katika herufi zenyewe. Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walibaini kuwa kirusi hiki kina protini ya HAM1, ambayo viumbe hai huitumia kuondoa herufi zenye kasoro. Ni nadra mno kwa virusi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019, katika mimea ya jamii ya tumbaku, yaliihusisha protini hiyo na kufa kwa tishu.

Mmea ulioambukizwa hauna dawa ya kuuponya. Inzi weupe huhamisha kirusi kwa masafa mafupi. Safari ndefu hufanywa na binadamu, anapobeba pingili kwenda kupanda kwingine. Shina lenye afya machoni laweza kuwa na virusi, hivyo kabla ya kukata mbegu ni vema kukagua majani ya chini, ambako umanjano hujitokeza kandokando ya mishipa, na kuchimba mizizi ya mmea huohuo.