Bunduki ya bolti: Shabaha hupimwa kwenye karatasi kwanza

BUNDUKI ya bolti iliyonunuliwa kwa bei kubwa na kufungwa darubini ya kisasa haiwi na shabaha nzuri kwa sababu hiyo peke yake. Usahihi wake hutokana na jinsi ilivyofungwa, aina ya risasi inayotumika, na majaribio yaliyofanyika kabla haijaelekezwa kwa mnyama.

Kwa mmiliki mpya katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, suala hilo huanza na sheria. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Hata hivyo, leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Uwindaji una kibali chake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Aidha, ramani ya eneo hilo imebadilika. Ibanda na Rumanyika, yaliyokuwa mapori ya akiba, yalipandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji ni marufuku.

Nje ya hifadhi kuna vijiji, migomba na mibuni, na ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda. Risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu. Kwa hiyo bunduki hujaribiwa kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa na mamlaka, wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Kilima chenye mawe hakifai, kwa kuwa risasi hugonga jiwe na kuruka upande usiotarajiwa.

Asili ya silaha hiyo

Karagwe imewajua wawindaji wenye bunduki angalau tangu Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika, ambaye hifadhi ya leo inabeba jina lake. Speke aliwinda faru katika nchi hiyo. Enzi hizo bunduki za bolti zilikuwa bado hazijaenea.

Mfumo unaoigwa zaidi hadi leo ni ule wa Mjerumani Paul Mauser wa mwaka 1898. Mkono huinua kishikio cha bolti na kukivuta nyuma ili ganda lililotumika litoke. Ukisukumwa mbele, bolti huingiza risasi mpya, na kishikio kikishushwa, meno ya bolti hujifunga ndani ya chuma. Risasi inapolipuka hakuna sehemu kubwa inayotembea, na hiyo ni sababu mojawapo ya bunduki hizo kusifika kwa shabaha.

Kuifunga bunduki

Hatua ya kwanza, kabla ya bisibisi kushikwa, ni kuhakikisha chemba na kasha la risasi havina kitu. Bolti hutolewa na chemba hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Kisha mafuta ya kiwandani hufutwa ndani ya mtutu.

Skrubu zinazounganisha chuma na ubao hukazwa kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Baada ya hapo kipande cha karatasi hupitishwa kati ya mtutu na ubao wa mbele. Katika bunduki ambazo mtutu wake umeundwa usiguse ubao, karatasi inapaswa kuteleza bila kukwama. Kipimo hicho kina maana ya pekee Kagera, mkoa wenye misimu miwili ya mvua, kwani ubao wa mti hufyonza unyevu, huvimba na kuusukuma mtutu. Bunduki iliyolenga vizuri wakati wa kiangazi inaweza kukosea masika.

Darubini hufungwa mahali ambapo jicho linaona picha kamili likiwa umbali wa sentimita nane hadi kumi. Ikiwa karibu mno, bunduki inaporudi nyuma darubini humpasua mpigaji juu ya jicho. Mistari ya ndani ya darubini isimame wima bila kuinama upande.

Kwenye uwanja wa shabaha

Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga. Bolti ikiwa nje, mpigaji huchungulia ndani ya mtutu na kuiweka katikati shabaha iliyo mita 25 mbele, kisha hurekebisha darubini ielekee hapo hapo bila kuisogeza bunduki. Risasi za mwanzo hupigwa kwa umbali huo, ndipo shabaha huhamishiwa mita 100.

Risasi moja haitoshi kuamua jambo. Hupigwa tatu hadi tano, zote za aina moja, na katikati ya kundi la matundu ndipo hupimwa. Mfano ni darubini ambayo kila mlio wa kifundo chake huhamisha shabaha sentimita moja kwa mita 100. Kundi likiwa sentimita sita chini na nne kulia, kifundo huzungushwa milio sita kupandisha na minne kwenda kushoto. Kwa mita 25 mlio huo huo huhamisha robo ya sentimita tu, hivyo kosa la sentimita sita huhitaji milio 24.

Mtutu uachwe upoe kati ya makundi. Mpigaji naye huvaa kinga ya masikio, na hakuna anayekwenda kwenye shabaha kabla bolti zote hazijafunguliwa.

Kundi la risasi tano lenye upana wa takriban sentimita tatu kwa mita 100 ni zuri kwa bunduki ya kuwindia. Hata hivyo, risasi huendelea kushuka. Risasi ya milimita 7.62 ya aina inayotumika sana, iliyorekebishwa kwa mita 100, hushuka kiasi cha sentimita 15 kwa mita 200, na karibu nusu mita kwa mita 300. Eneo la moyo na mapafu ya swala lina upana wa sentimita 15 hivi. Asiyepima tofauti hiyo hujeruhi mnyama, naye hukimbilia porini kufa taratibu au, akiwa nyati, kumsubiri anayemfuata.

Matokeo huandikwa kwenye daftari: tarehe, aina ya risasi, umbali, upepo na ukubwa wa kundi. Majaribio hurudiwa bunduki inapoanguka, inaposafirishwa barabara mbovu, risasi zinapobadilishwa na msimu wa mvua unapoanza.

Daftari hilo ndilo huweka mpaka. Umbali wa mwisho wa kupiga mnyama ni ule ambao mpigaji, akiwa amekaa kama atakavyokaa porini na bila mifuko ya mchanga, ameweka risasi zote tano ndani ya sentimita 15. Zaidi ya hapo, bunduki hushushwa.