Njia ya Kisaki: Athari za Vita Kuu Pande za Uluguru

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, huifikia Morogoro kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza alipopanda, na akitazama upande wa kushoto ataiona milima ya Uluguru imesimama na mawingu yake. Lakini aghalabu hajui ya kuwa reli kongwe, iliyofikishwa hapa na Wajerumani mwaka 1907, ndiyo iliyoufanya mji huu kuwa, kwa muda, makao ya serikali ya koloni zima, wala hajui ya kuwa pembezoni mwa milima hiyo majeshi mawili yalizungukana katika mwezi wa Agosti na Septemba 1916, yakiacha nyuma yao athari ambazo leo zinafutika moja baada ya moja pasipo mtu kuzililia.

Vita ilipozuka mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee aliona kuwa Dar es Salaam, iliyo wazi mbele ya manowari za Waingereza, haiwezi kuwa kao la amani, akaihamisha serikali yake Morogoro. Huko bara ikakaa salama hata mwaka 1916, Jenerali Jan Smuts, kamanda wa Waingereza, alipoteremka kutoka pande za Kilimanjaro, akapita Handeni, akaizunguka milima ya Nguru, akavuka Mto Wami penye Dakawa kwa mapigano makali, na hatimaye askari wake wakaingia Morogoro tarehe 26 Agosti. Walikuta mji umekwisha kuhamwa. Inasimuliwa kwamba katika hoteli ya karibu na stesheni waliikuta piano ya mtambo ikijipiga yenyewe wimbo wa kizalendo wa Wajerumani, imeachwa makusudi iwe ndiyo salamu ya kuwapokea.

Smuts alidhani ya kuwa adui yake, Paul von Lettow-Vorbeck, atasimama apigane mgongo wake ukiwa ukutani mwa milima, au atakimbilia njia ya Mahenge. Hakufanya hili wala lile. Aliizunguka Uluguru kwa pande zote mbili akaelekea Kisaki, alikokuwa ameweka akiba ya chakula na risasi, na Waingereza wakamfuata nao kwa pande mbili: wapanda farasi wa Afrika Kusini kwa magharibi, kupitia Mlali, ambako Wajerumani walikuwa na bohari kubwa ya silaha, na askari wa miguu kwa mashariki, kupitia Mkuyuni na Matombo. Kwa kuwa milima ilisimama katikati, hapana habari iliyopita upesi kutoka kundi hili hadi lile. Hata ndani ya upande wa magharibi vikosi viwili vilipotezana, na Lettow alipopata fursa hiyo alikipiga kimoja mbele ya Kisaki tarehe 7 Septemba, na cha pili kesho yake. Baadaye alirudi nyuma ya Mto Mgeta, na hapo majeshi yote mawili yakakaa yakitazamana, yamelowa, yana njaa na homa, mpaka siku ya kwanza ya Januari 1917.

Basi mtu akiuliza leo kuna nini cha kuona, jibu la haraka ni: kidogo. Liko eneo la makaburi ya vita mjini Morogoro, linalotunzwa vizuri na Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nyasi zake zimekatwa, mawe yake yamesafishwa, na asomaye tarehe zilizochongwa humo ataona kuwa wengi walikufa baada ya mapigano kwisha, kwa malaria na kuhara damu. Yako majengo ya enzi ya Mjerumani ambayo mji umeyazunguka na kuyameza. Kule juu ya mji, penye Morningside, iko nyumba ya Wajerumani iliyojengwa miaka michache kabla ya vita, sasa imechakaa, nayo hutumiwa zaidi na vijana wanaopanda mlima siku ya Jumapili kama mahali pa kupumzikia na kupigia picha. Mlali ni soko la mboga zinazoteremshwa kutoka Mgeta, na mahali palipolipuliwa shehena za risasi pamelimwa.

Katika mwaka huo huo wa 1916, Waitaliano na Waaustria walikuwa wakipigania vilele vya Alps, wakachimba mahandaki ndani ya barafu ya Marmolada na kuishi humo kama watu wa mjini. Barafu ile sasa inayeyuka kwa joto la dunia, na kila kiangazi hutapika mbao za mabanda, viatu, barua na maiti za askari, hata watu wa huko wamekuwa wakipanda kwa haraka kuyaokoa yaliyofichuka kabla hayajaharibika. Uluguru haina barafu. Ina mvua, mchwa na majani marefu, na hivyo vitatu havimrudishii mtu kitu. Vitu vya vita huku havikuhifadhiwa kwa miaka mia ili viharibike mbele ya macho yetu. Vimekuwa vikiondoka tangu siku ile ya kwanza, na kilichobaki ni njia yenyewe, pamoja na maneno ya watu waliokaa kando yake.

Nami naamini ya kuwa njia hiyo ndiyo iliyo azizi kuliko jengo lolote, maana vita hii ilikuwa vita ya wapagazi. Farasi wa Smuts walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Magari yake yalizama katika tope la Ruvu na Mgeta. Kwa hiyo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila machela ya majeruhi ikabidi ipite juu ya vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja katika muda wa vita vyote vya Afrika Mashariki, na hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, kichomi na njaa. Mtu wa pwani aliyezoea wali alipewa unga wa mahindi usiochekechwa, bila wasaa wa kuupika ukaiva, akalala chini ya mvua bila blanketi la maana, na asubuhi akajitwika tena mzigo wa ratili hamsini au sitini. Kwa upande wa Wajerumani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mizinga ya manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, ilifumuliwa, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa bara kwa kamba na watu; anayetaka kuuona mmoja wao na aende Fort Jesus, Mombasa, aupapase kwa mkono wake, kisha akadirie ni mabega mangapi yaliyokivuta chuma kile mlimani.

Waluguru walitumikishwa na pande zote mbili. Mjerumani alipoondoka aliwachukua, na Mwingereza alipoingia akawatafuta waliobakia; akiba za vyakula zikatwaliwa na huyu kisha na yule.

Anayetaka kuifuata njia ya mashariki na aanzie Bigwa, apite Kiroka na Mkuyuni, apande Matombo, ateremke Mvuha, ndipo ashike Duthumi, Bwakila na Kisaki. Barabara ya gari inafuata upande huo huo, lakini haifuati nyayo zile zile. Karibu na Duthumi mzee mmoja, nilipokwisha kumpa shikamoo na kumweleza haja yangu, alicheka kidogo akaniambia: "Mwanangu, barabara hii ni ya juzi. Ya Mjerumani ilipita kule, chini ya miembe." Tukaenda. Miembe ilikuwa mitano, mikubwa sana, imesimama kwa mstari ulionyooka katikati ya shamba la ufuta, haiendi popote wala haitoki popote. Na katikati ya mti wa pili na wa tatu ardhi ilikuwa imebonyea, kina chake kama kiganja na upana wake watu wawili kupishana, na ndani ya bonde hilo dogo ufuta ulikuwa mfupi kuliko mwingine, kwa sababu udongo ulishindiliwa na haukupata kulegea tena. Mzee yule alikuwa amesimuliwa na mjomba wake, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata mama, mjomba ndiye mwenye kuusia habari za ukoo, kwamba waliochukuliwa kupeleka masanduku Kisaki, akianguka mmoja, mwenziwe aligawiwa mzigo wake papo hapo, na marehemu akafunikwa majani kando ya njia kwa kuwa nyapara hakutoa ruhusa ya kuchimba.

Si kila mahali utapata simulizi safi namna hiyo. Ukiuliza habari za vita Matombo, wengi watakueleza vurugu za matuta za mwaka 1955, wakulima walipokataa kulimishwa kwa amri, na wana haki, maana hiyo ndiyo vita waliyoiona kwa macho. Vita ya Mjerumani inachanganyika na Maji Maji, na Maji Maji inachanganyika na mambo ya kale zaidi, ya watumwa na ya chifu Kisabengo. Mwenye subira hukaa akachambua.

Liko jambo moja linaloniudhi kuliko mvua na mchwa, nalo ni uchimbaji wa hazina. Imeenea imani, huko Uluguru na kwingi nchini, ya kuwa Mjerumani alipokimbia alifukia rupia na dhahabu, na kwamba kila jiwe lililochongwa, kila msingi wa nyumba, hata kaburi, ni alama ya mahali pa kuchimba. Watu huja usiku na ramani walizouziwa kwa bei kubwa, wakaacha mashimo yanayofika kiunoni na matofali yametupwa huku na huku, wala sijapata kumwona aliyetajirika. Kinachosalia baada yao huokotwa na wanunuzi wa vyuma chakavu: ganda la risasi, kipande cha reli, pete ya gurudumu. Na sheria haiwazuii ipasavyo, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda kwa ujumla vitu na majengo ya kabla ya utawala wa Wajerumani. Cha baadaye chahitaji kutangazwa na waziri kimoja kimoja, na nani atatangaza mstari wa miembe mitano?

Mbele ya Kisaki, ndani ya ile iliyokuwa Selous na ambayo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, liko kaburi la Frederick Courteney Selous mwenyewe, mwindaji aliyeuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, naye alikuwa na umri wa miaka 65. Watalii hupelekwa hapo, na ni vizuri, maana alikuwa mtu mashuhuri na kaburi lake linastahili heshima. Ila risasi zilizopigwa siku ile, na unga ulioliwa, vilifika Beho Beho vichwani mwa watu ambao hawana hata jiwe moja. Kamisheni ya makaburi yenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 2021, iliungama na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika kuitumikia Uingereza, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Nadhani mahali pa kuanzia ni Mvuha. Hapo ndipo yalipo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, juu ya njia ile ile ya Matombo na Kisaki, na si kazi ngumu kuwatuma walimu na wanafunzi wa sekondari za kata, kati ya Julai na Oktoba mito inapopungua, waende kijiji kwa kijiji wakiandika: mti upi, kivuko kipi, ukoo upi ulitoa watu wangapi, na majina yao. Stesheni ya TAZARA iko Kisaki, wageni wa hifadhi hushuka hapo, na ubao mmoja wenye majina hayo wangeusoma. Waliozaliwa miaka ya 1930, waliowasikia wapagazi wenyewe kwa masikio yao, sasa wanakaribia au wamepita umri wa miaka tisini, na wengi wao hawajapata kuulizwa.